Tulikwenda Kilwa kuwahimiza vijana waibadili dunia, tukarudi na deni

 

Wazazi wengi wanaousoma ukurasa huu wamepata kuhudhuria mahafali ya vijana wetu wa Kiislamu wanaohitimu kidato cha nne. Wanaijua ratiba yake. Qur'ani husomwa, kaswida huimbwa, wahitimu husoma risala, mgeni rasmi husimama akatoa nasaha, vyeti hugawiwa na dua ikafunga. Sisi pia tumehudhuria mengi, na katika baadhi yake tumeketishwa meza ya mbele. Mwishoni mwa Septemba iliyopita tulialikwa katika mahafali ya namna hiyo kwenye mojawapo ya shule za sekondari za wilaya ya Kilwa, na mada tuliyopangiwa ilikuwa mchango wa kijana Muislamu katika kuibadili dunia. Tunaomba ruhusa ya kuisimulia safari ile kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu yake isiyotupendezesha, kwa kuwa tunaamini zipo familia zitakazojiona ndani yake.

Safari ya kusini

Tuliondoka Temeke siku ya Ijumaa, mara tu baada ya swala ya Alfajiri, tukiwa ndani ya Noah ya kukodi. Tulikuwa wanne: Mwenyekiti wa kamati ya msikiti wetu, mzee aliyevuka miaka sabini, Bi Mkubwa anayesimamia idara ya akina mama, dereva, na sisi tuliopewa dhamana ya ukatibu, ambao ndio tuliotakiwa kusema. Nyuma ya gari tuliweka bango jipya lililoandikwa mada kwa herufi kubwa. Mapajani tulikuwa na kurasa kumi na nne za hotuba.

Tulipita Mbagala, Mkuranga na Kibiti huku tukipitia maandishi yetu. Ikwiriri tulisimama tukanywa chai. Mbele kidogo tukavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na hapo Mwenyekiti akatusimulia siku za kivuko cha Ndundu, wakati msafiri wa kusini alipokuwa akifunga safari bila ya kujua lini atafika. Somanga tulionyeshwa mahali ambapo mvua za mwaka 2024 zilikata barabara na kuwaacha wasafiri wamekwama pande zote mbili. "Mtu hulikumbuka daraja siku likiwa halipo," alisema mzee, kisha akasinzia.

Kabla ya Ijumaa kuadhiniwa tulikuwa Kilwa Masoko. Baada ya swala tuliteremka hadi ufukweni tukatazama ng'ambo, Kilwa Kisiwani, ambako magofu ya Msikiti Mkuu yangalipo. Mandhari ile ilitugusa. Tukatoa kalamu, tukaongeza ukurasa wa kumi na tano kuhusu mji ule na historia yake. Tulilala tukiwa na hakika kwamba kesho yake tungesema maneno yatakayokumbukwa.

Nasaha zetu

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi wa shule ulikuwa umejaa. Wavulana walikaa upande mmoja na wasichana upande wa pili, wazazi wakiwa nyuma, wengi wao akina mama waliojitanda kanga na baibui, wengine na watoto mgongoni. Wahitimu walisoma risala yao. Baada ya salamu na shukrani waliomba mambo matatu: mwalimu wa kufundisha kipindi cha dini, vitabu vya Elimu ya Dini ya Kiislamu, na mahali pa kutawadhia karibu na chumba wanachoswalia. Tulipokea risala kwa mikono miwili, tukasema kama wasemavyo wageni rasmi wote, kwamba tumeyapokea na tutayafanyia kazi. Kisha tukaiweka chini ya kurasa zetu kumi na tano na kuanza kusema.

Hatukusema mambo ya ovyo. Tulianza na aya ya 11 ya Surat Ar-Ra'd, inayotufundisha kwamba Allah (SW) habadili yaliyo kwa watu mpaka wao wenyewe wabadili yaliyomo nafsini mwao. Tukawaeleza kwamba Uislamu umewaamini vijana tangu siku zake za mwanzo. Mus'ab bin Umayr (RA) alitumwa Yathrib kabla ya Hijra kwenda kuwafundisha watu Qur'ani, na Mtume (SAW) alipofika huko alikuta mji ambao tayari nyumba zake nyingi zinamjua Allah. Zayd bin Thabit (RA) aliamrishwa na Mtume (SAW), akiwa bado kijana, ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayamudu kwa muda wa nusu mwezi hivi. Na katika ukhalifa wa Abubakar (RA) ndiye aliyekabidhiwa kazi nzito ya kuikusanya Qur'ani. Usama bin Zayd (RA) alipewa uongozi wa jeshi akiwa kijana wa miaka 18 hivi, na ndani ya jeshi hilo walikuwamo watu wazima waliomtangulia kwa umri na kwa Uislamu.

Tukaja karibu zaidi na nyumbani. Tuliwaambia wasichana habari za Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, mwanamke ambaye hakusoma sana shuleni, lakini tangu mwaka 1955 alizunguka nchi hii akiwaita wanawake kuingia katika mapambano ya uhuru, nao wakamwitikia. Tuliwaambia wavulana habari za Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwalimu wa shule kule Unguja, aliyefanya kazi ya kuitafsiri Qur'ani kwa Kiswahili kwa miaka mingi hadi tafsiri nzima ikachapishwa mwaka 1969, na leo ipo katika majumba yasiyo na idadi.

Mwisho tukawarudisha katika mji wao wenyewe. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa akamkuta Sultani Hasan, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba alikuwa pamoja na Sultani siku ya Ijumaa, wakitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen akawasimamisha njiani na kumwomba Sultani nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka saa ile ile. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine na kumpa fakiri zile alizokuwa nazo mwilini. "Ninyi ni wajukuu wa mji huo," tuliwaambia vijana. "Nendeni mkaibadili dunia!" Takbira zilipigwa mara tatu. Tukaketi, tukajipangusa jasho, na tukakiri nafsini mwetu kwamba tumesema vizuri.

Swali la binti wa kidato cha tatu

Mwalimu mlezi wa wanafunzi Waislamu alitoa nafasi ya maswali. Mvulana mmoja aliuliza namna ya kupata mkopo wa chuo kikuu, mwingine akauliza hukumu ya kuswali kwa kuchelewa wakati wa mitihani. Tukawajibu. Kisha akasimama binti mwembamba katika safu ya nyuma ya wasichana, akatoa salamu, akasema maneno ambayo tunayaandika hapa kama tunavyoyakumbuka:

"Mgeni rasmi, mimi nipo kidato cha tatu. Risala iliyosomwa leo ndiyo iliyosomwa mwaka jana, na ndiyo iliyosomwa mwaka juzi nilipokuwa kidato cha kwanza. Sisi tunaoinakili hubadilisha tarehe na jina la mgeni. Kila mgeni ametuambia twende tukaibadili dunia, na sisi tumepiga takbira. Naomba kuuliza: mgeni wetu akishaondoka leo, kipindi cha wiki ijayo atatufundisha nani?"

Wanafunzi wachache walicheka, kisha ukumbi ukanyamaza. Mwalimu mlezi, ambaye ni mtu mwema, aliona aibu kwa ajili yetu na kumwashiria binti aketi. Mwenyekiti wetu ndiye aliyemzuia.

"Mwache, Mwalimu," alisema. "Mtoto huyu hajakosa adabu. Endelea, binti yangu."

Binti akaendelea, sasa kwa sauti ndogo zaidi. Alieleza kwamba alikuwapo ustadhi mmoja aliyekuwa akija kila wiki kutoka kijiji kilicho umbali wa kilomita kumi na mbili, na nauli yake ya bodaboda ililipwa na mzee mmoja mfanyabiashara. Mzee yule alifariki dunia, Allah amrehemu. Ustadhi akawa anakuja kwa miguu kwa miezi kadhaa, kisha miguu ikamshinda. Tangu hapo binti na wenzake wawili ndio wanaosimama mbele ya kidato cha kwanza, wakisoma kutoka katika daftari walilonakili kwa mkono kitabu cha kuazima. "Tunachojua tunakisema," alimaliza. "Wakituuliza tusichokijua tunawaambia wasubiri mgeni."

Ndugu msomaji, sisi tumesoma chuo cha Kiislamu. Tumefundishwa namna ya kupanga hoja na namna ya kujibu maswali magumu ya itikadi na fiqhi. Pale tulitafuta jibu katika kurasa kumi na tano, hatukulipata. Tulifungua kinywa kusema kwamba jambo hili tumelipokea na tutalifanyia kazi, tukaona haya, tukafunga. Mwenyekiti akasema kwa niaba yetu: "Binti yangu, leo sina jibu. Nikikupa jibu la haraka nitakuwa nimekudanganya. Tuombee dua."

Shughuli ilipokwisha, mama yake binti alimfuata Bi Mkubwa nje ya ukumbi. Ni mama anayeuza vitumbua asubuhi na dagaa jioni. Alitaka kuomba radhi. "Mtusamehe, wageni wetu, mtoto huyu mdomo wake hauna mlango."

"Usimkanye, mama," Bi Mkubwa alimjibu. "Leo ametusaidia."

Hesabu ya njiani

Mwenyekiti aliamuru tupite nyumbani kwa ustadhi kabla ya kurudi Dar es Salaam. Tulimkuta chini ya mwembe pamoja na watoto wa madrasa wapatao ishirini, kila mmoja na ubao wake au juzuu yake. Ni mtu wa makamo, mkulima wa korosho, mwenye kusema kidogo. Tulimuuliza kwa nini aliacha kwenda shuleni.

"Mimi sikuacha," alisema. "Goti ndilo lililoacha."

Nauli ya bodaboda ilikuwa shilingi 3,000 kwenda na 3,000 kurudi. Tulimuuliza angetaka posho kiasi gani ili aanze tena. Alionekana kama mtu asiyelielewa swali. Akasema hataki mshahara, anataka kufikishwa tu. Kwani wale ni watoto wa Kiislamu, na siku wakiulizwa mbele ya Allah nani alikuwa jirani yao, hapendi jina lake litajwe kwa kutokwenda.

Ndani ya gari hapakuwa na mazungumzo hadi tulipoipita Somanga. Hapo Bi Mkubwa, ambaye kwa miaka mingi ndiye mweka hazina wa idara yake, akaomba karatasi. Tukampa ukurasa wa kumi na tano, ule wa Ibn Battuta, akaugeuza nyuma na kuandika. Kukodi gari kwa siku mbili, shilingi 400,000. Mafuta, shilingi 200,000. Chakula na malazi, shilingi 100,000. Bango, shilingi 40,000. Jumla, shilingi 740,000. Chini yake akaandika nauli ya ustadhi: shilingi 6,000 kwa wiki, tuseme wiki 36 za masomo kwa mwaka, shilingi 216,000. Fedha tulizotumia kwenda kusema kwa saa moja zingempeleka ustadhi darasani kwa miaka mitatu, na zaidi ya shilingi 90,000 zingebaki.

Hatusemi kwamba safari za nasaha ni hasara. Wapo vijana ambao neno moja la mgeni limewatoa katika giza, na sisi wenyewe tulipokuwa sekondari tuliipata njia ya chuo kwa sababu ya mgeni mmoja aliyekuja siku ya mahafali. Lakini mgeni yule, tunakumbuka sasa, hakuishia hapo. Aliandika anwani yake ubaoni, na tulipomwandikia alijibu. Kilichotupeleka mbele hakikuwa hotuba yake peke yake. Ilikuwa barua ya pili na ya tatu.

Bi Mkubwa alitukumbusha kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim, cha mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (SAW). Alipofariki, masahaba waliona ni jambo dogo, wakamzika bila ya kumjulisha Mtume. Yeye alimkosa, akamuulizia, akataka kuonyeshwa kaburi lake na akamswalia. Mtu yule hakuhutubia watu wala hakuongoza jeshi. Alifagia jana, akafagia leo, akafagia kesho, hadi kutokuwapo kwake kukaonekana. Bibi Aisha (RA) naye amepokea kutoka kwa Mtume (SAW) kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Hadithi hii tuliihifadhi chuoni, pamoja na sherehe yake. Na aya ya 2 na ya 3 za Surat As-Saff, zinazowakemea wanaosema wasiyoyatenda, tumezihutubia mara nyingi kwenye mimbari. Ilitubidi kwenda Kilwa ili tuzisikie.

Tulirejea pia katika mifano tuliyowapa vijana, na tukaona kwamba tuliisimulia nusu. Mus'ab (RA) hakuitembelea Yathrib kwa siku moja. Alikaa na watu wake na kuwafundisha mmoja baada ya mwingine. Sheikh Farsy hakuitafsiri Qur'ani kwa hamasa ya mkutano. Aliitafsiri aya kwa aya huku akiendelea na kazi yake ya ualimu. Na Sultani Hasan, ambaye tulimsifu kwa ufasaha mkubwa, hakumwambia fakiri kwamba ombi lake limepokewa na litafanyiwa kazi.

Kikao cha kamati

Jumatano iliyofuata kamati ilikutana. Tulisoma taarifa ya safari, na badala ya kuishia pale ambapo takbira zilipigwa, tulisoma swali la binti na hesabu ya Bi Mkubwa. Mjadala haukuwa mwepesi, na tunadhani ni haki wasomaji waujue, kwa sababu kamati nyingi za misikiti zimo katika hali kama yetu.

Mjumbe mmoja alisema, na hakusema vibaya: "Madrasa yetu wenyewe hapa bati linavuja. Tutapelekaje pesa Kilwa?"

Mwenyekiti akamjibu: "Tulipolipia gari la kwenda kutoa nasaha, hakuna aliyeuliza habari ya bati."

Ilitulazimu kuangalia pia upande wa sheria. Michango iliyotolewa kwa ajili ya jengo ni amana ya jengo. Haijuzu kuihamisha kwa sababu tu katibu amerudi safarini na moyo uliolainika. Mfuko ambao ungefaa ni ule wa daawa, na mfuko huo tulikuwa tumeumaliza kwa safari yenyewe. Basi Mwenyekiti akaweka shilingi 2,000 mezani na kusema kwamba hiyo ni yake ya kila mwezi maadamu yu hai. Wajumbe kumi na wawili, akiwamo yule aliyeulizia bati, wakakubali kutoa kiasi hicho hicho kila mwezi kutoka mifukoni mwao. Kumi na wawili mara 2,000 ni shilingi 24,000, nayo ni nauli ya wiki nne. Jukumu la kuituma kwa simu kila Alhamisi tukakabidhiwa sisi.

Ustadhi alianza Januari, shule zilipofunguliwa. Tunaandika haya mwezi wa Mei. Katika wiki 14 za masomo zilizopita amefika mara 12. Wiki mbili mvua za masika zilimzuia. Na katika zile 12, ipo moja ambayo nauli haikutumwa. Haikuwa kosa la mtandao wala la mtu mwingine yeyote. Sisi tulisahau. Tulikumbuka Jumamosi, tukampigia ustadhi kumtaka radhi, tukaambiwa kwamba yeye alikwenda vilevile, kwa miguu, na goti lake lile lile, na akarudi salama. Hakutulaumu. Aliuliza tu iwapo nyumbani kwetu watu ni wazima.

Tumeiweka habari hiyo hapa kwa makusudi. Ni rahisi kusimama mbele ya vijana mia tatu na kusema juu ya dunia nzima. Kukumbuka shilingi 6,000 kila Alhamisi ni kazi ngumu zaidi, na wiki ile kazi hiyo ilitushinda.

Funzo kwa familia

Wazazi wenzetu, tunawatakia watoto wetu makubwa. Tunawaombea wawe madaktari, wahandisi, masheikh na viongozi waadilifu, na ni haki yetu kuwaombea. Hata hivyo, safari ile imetufundisha mambo matatu ambayo kila nyumba inaweza kuanza nayo wiki hii.

Kwanza, tuulize. Katika shule nyingi za serikali kipindi cha dini kimo katika ratiba, lakini mwalimu wa kukifundisha anategemewa kutoka kwetu wenyewe, waumini. Muulize mwanao jioni ya leo: nani anakufundisheni kipindi cha dini? Akikujibu kwamba hakuna, au kwamba wanafunzi wanafundishana, basi umeupata mlango wa kuibadilia dunia, nao haupo mbali na nyumbani kwako. Nenda kwa mwalimu mlezi. Msemeshe imamu wa msikiti wako. Tafuteni ni ustadhi gani aliye karibu na ni kitu gani kinachomzuia. Mara nyingine kizuizi ni nauli tu.

Pili, tuchague jambo moja dogo na tulifunge kwa siku. Mume, mke na watoto wakae baada ya chakula, waamue kwamba kila Alhamisi, au kila Jumapili, kitu fulani kitafanyika: mgonjwa fulani atatembelewa, yatima fulani atanunuliwa daftari, ukoo fulani utapigiwa simu. Liandikwe mahali panapoonekana, na mtoto apewe kazi ya kukumbusha. Kwetu sisi kazi hiyo sasa anaifanya mwanetu wa miaka saba. Hana huruma, na tangu aanze hatujasahau.

Tatu, tusiwanyamazishe watoto wanaouliza kwa adabu. Binti yule angeketi alipoashiriwa, sisi tungerudi Temeke tukiwa na picha nzuri za mahafali, na risala ya mwaka huu ingenakiliwa kwa kubadilisha tarehe. Adabu ya mtoto ni kutoa salamu, kuchagua maneno na kumheshimu mkubwa, na hayo yote aliyatimiza. Kuuliza alichokiuliza ilikuwa nasaha, na dini yetu ni dini ya kupeana nasaha, mdogo kwa mkubwa na mkubwa kwa mdogo.

Binti yule mwaka huu yupo kidato cha nne. Ustadhi amechukua madarasa ya juu, lakini yeye na wenzake hawajaacha kukifundisha kidato cha kwanza. Tofauti ni kwamba sasa swali likiwashinda wanamuuliza ustadhi, hawasubiri mgeni wa mwakani. Mama yake, ambaye huzungumza na Bi Mkubwa kwa simu mara kwa mara, anasema kwamba kamati ya wanafunzi imeanza kuiandika risala ya Septemba, na ombi la kwanza wamelifuta. Yamebaki mawili, vitabu na mahali pa kutawadhia. Kwa hiyo deni letu halijakwisha, na tumelikiri mbele yenu ili mtuulize.

Ama bango letu la herufi kubwa, Bi Mkubwa amelishona pembeni, na sasa linaziba pale panapovuja katika madrasa.

Tunamwomba Allah (SW) azikubali amali zetu ndogo, azidumishe, atusamehe tuliyoyasema tukashindwa kuyatenda, na awajaalie watoto wetu wawe bora kuliko sisi. Wabillahi tawfiq.